Ubabe wa Kuchekesha, Vita vya Kweli: Kumsoma Upya Seijun Suzuki

Mpenzi wa sinema ya zamani ya Japani akiulizwa ni nani aliyeusuta ujeshi wa nchi hiyo kwa ukali zaidi, aghalabu atamtaja Masaki Kobayashi, na ana sababu nzuri. Kobayashi alipelekwa Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, akiwa askari, akakataa kupandishwa cheo, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia akatengeneza filamu ambazo hazina mzaha hata kidogo na wakubwa wa jeshi. Mwongozaji mwenzake Seijun Suzuki, aliyepitia vita hivyohivyo kisha akasema waziwazi kwamba aliona humo mambo ya kuchekesha, hutajwa baadaye, tena kama fundi wa vituko. Heshima hiyo imegawanywa visivyo, na ushahidi wa kutosha umo katika filamu yake ya 1966, Kenka Erejii (yaani Ombolezo la Ugomvi), iliyoandikiwa skripti na Kaneto Shindo.

Kisa chake ni chepesi kukisimulia. Katikati ya miaka ya 1930, mwanafunzi aitwaye Kiroku amepanga chumba katika nyumba ya Wakatoliki mjini Okayama, naye anampenda Michiko, binti wa nyumba hiyo, kwa mapenzi yanayomwaibisha. Kwa kuwa hathubutu kusema wala kutenda lolote, anajifunza kupigana. Anajiunga na genge la wanafunzi wanaovaa na kutembea kijeshi, anakorofishana na ofisa anayefundisha kwata shuleni, kisha anahamishiwa Aizu, ambako anaanza upya vurugu zilezile kwa kiwango kikubwa zaidi.

Hoja ya wanaoitilia shaka filamu hii si ya kupuuzwa. Mapigano yake ni matamu. Yamepigwa picha kwa ustadi, yana kasi na mahadhi, na kijana anayeyatazama anaweza kutoka ukumbini akitamani genge lake mwenyewe. Isitoshe, studio ya Nikkatsu, iliyoitoa filamu hii, iliishi kwa kuuza filamu za mapigano kwa vijana, kwa hiyo ni halali kuuliza iwapo kejeli inayouzwa kwenye duka moja na kitu kinachokejeliwa inaweza kweli kukidhuru. Katika Seppuku ya Kobayashi, ya 1962, hakuna anayeweza kutamani kuwa mahali pa yule kijana maskini anayelazimishwa kujipasua tumbo kwa upanga wa mianzi. Huko uchungu umefunga kila mlango wa starehe.

Hata hivyo, hoja hiyo inachukulia kwamba utamu wa mapigano umempenya Suzuki bila yeye kujua, na hapo ndipo inapoteleza. Tazama tukio la piano. Michiko hayupo, Kiroku, ambaye mbele ya watu ni mbabe asiyeogopa ngumi, anakikaribia chombo cha mpenzi wake na kukipiga kwa uume wake. Ukumbi unacheka, na una haki ya kucheka, lakini kichekesho hicho kimebeba maelezo yote ya kisa: nguvu ambayo kijana huyu anaiita ushujaa ni tamaa aliyofundishwa kuionea haya, na wanaume wakubwa waliomzunguka wako tayari kumwonyesha pa kuielekeza. Kwanza ni ngumi za uani, kisha genge lenye amri na silaha za kujitengenezea, kisha shule nzima dhidi ya nyingine. Kila ngazi inafurahisha kuliko iliyotangulia. Kama isingefurahisha, tusingeelewa kwa nini Kiroku anaipanda.

Wala Aizu haikuchaguliwa ovyo. Mwaka 1868, katika vita vya kumaliza utawala wa masamurai wakuu, kikosi cha vijana wa huko, wengi wao wa miaka 16 na 17, walijiua kwa kudhani ngome yao imeanguka, na kizazi baada ya kizazi wakasifiwa kuwa mfano wa kuigwa. Kumleta mkorofi wa Okayama afanye fujo zake katika ardhi inayoabudu vifo vya watoto ni dhihaka nzito kuliko inavyoonekana.

Mwisho wa filamu ndio unaonirudisha kwake kila mara. Michiko anakuja Aizu kuaga, kwa kuwa ameamua kuingia utawani; akirudi kwenye njia nyembamba ya theluji, safu ya askari wanaokimbia inamsukuma kando na kuukanyaga msalaba wake. Muda si mrefu Kiroku anapata habari za uasi wa Februari 26, 1936, siku ambayo maofisa vijana waliongoza askari wapatao 1,400 mjini Tokyo na kuwaua viongozi, akiwemo waziri wa fedha Korekiyo Takahashi. Katika gazeti anaiona sura ya mtu aliyewahi kumwona mgahawani: ni Ikki Kita, mwanafikra aliyewavutia waasi hao. Kiroku hajasoma hata ukurasa mmoja wa Kita. Anapanda treni kwenda Tokyo kwa sababu huko kuna ugomvi mkubwa zaidi.

Hapo ndipo kichekesho kinapokutana na historia. Uasi ulizimwa kwa siku chache, viongozi wake wakauawa, lakini jeshi halikudhoofika. Mwezi Mei mwaka huohuo ilirudishwa kanuni kwamba mawaziri wa jeshi la nchi kavu na la majini wawe maofisa walio kazini, hivyo jeshi likaweza kuikwamisha serikali yoyote kwa kukataa tu kutoa waziri. Julai 1937 vita kamili na China vikaanza. Treni ya Kiroku inaelekea huko, naye anaipanda kwa furaha.

Wapo watakaosema kwamba mwaka 1966 ilikuwa rahisi kumcheka aliyekwisha kuanguka. Lakini mwaka huohuo mwandishi Yukio Mishima alitoa filamu fupi, Yūkoku, ambamo yeye mwenyewe anaigiza luteni anayejiua kutokana na uasi uleule, na kifo hicho kimepambwa kama ibada. Miaka minne baadaye Mishima alijiua hivyo kweli, ndani ya kambi ya jeshi mjini Tokyo. Basi aliyechekwa na Suzuki alikuwa bado ana waumini.

Kasoro halisi ya Kenka Erejii iko kwingine. Wachina na Wakorea, walioulipia ujeshi huo kwa damu, hawaonekani. Michiko naye anabaki sanamu ya usafi inayoteswa, bila kupewa akili ya kutosha ya kuwacheka wanaume hao. Kwa mizani hiyo Kobayashi anabaki mbele, kwa kuwa simulizi yake ya vita, yenye zaidi ya saa 9, inawaonyesha wafanyakazi wa Kichina wakiteswa. Ila mashujaa wake ni watu wanaokataa, nao walikuwa wachache. Jeshi la Japani lilijazwa na akina Kiroku, na Suzuki ndiye aliyekaa nao tangu chumba cha kupanga hadi kituo cha treni.