Ukaazi wa Kudumu Ujerumani: Hapa Shahidi Wako ni Karatasi

Ukiwa Mbagala ukatakiwa kuthibitisha unapoishi, unakwenda kwa mjumbe. Anakujua, anamjua na mama yako. Anakuandikia barua, mwenyekiti wa serikali ya mtaa anagonga muhuri, shughuli imekwisha. Ujerumani hakuna mjumbe. Unaweza kukaa Hamburg miaka sita, ukawauguza wazee wa watu hospitalini, majirani wakakusalimia kwa jina, na bado ukifika kwenye meza ya ofisi ya wageni, Ausländerbehörde, hakuna neno la mtu litakalokubeba. Yanayosema ni makaratasi, na yalianza kusema tangu mwezi wako wa kwanza.

Ndiyo maana naamini ombi la ukaazi wa kudumu, Niederlassungserlaubnis, huandaliwa mwaka wa kwanza. Ndugu zetu wengi huamka mwaka wa tano, wakati makosa ya mwaka wa pili hayawezi tena kufutika.

Njia ya kawaida imo katika kifungu cha 9 cha sheria ya ukaazi. Uwe umekaa kwa kibali miaka 5, uwe na michango ya pensheni ya miezi 60, Kijerumani cha B1, yaani kiwango cha kati, ufahamu wa sheria na maisha ya nchi, kipato kinachokutosha bila msaada wa serikali, na nyumba isiyokubana. Viza ya taifa uliyoingia nayo huhesabiwa ndani ya miaka hiyo. Miaka ya chuo au ya Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi yenye malipo, huhesabiwa nusu tu. Aliyesoma miaka minne amejiwekea miwili.

Pensheni ndiyo inayowaangusha watu wengi kuliko Kijerumani, na hapo nitakaa kidogo. Kila mwezi hukatwa asilimia 9.3 ya mshahara wako, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Mchango huo ndio unaohesabiwa, hata kama mwaka mzima ulikuwa unachoka kwa kazi nyingine zisizochangia. Vijana wengi kutoka Kenya na Tanzania huingia kama Au-pair, wakiishi na familia na kusaidia kulea watoto kwa posho, wakaendelea na mwaka wa kujitolea, FSJ au BFD, ndipo wakaanza Ausbildung. Mwaka wa Au-pair hauna mchango hata mmoja, kwa sababu posho ile si mshahara. Mwaka wa kujitolea, ambao wengi huudharau kwa udogo wa pesa yake, una michango kamili, tena inalipwa yote na taasisi. Ausbildung nayo ina michango kutoka mwezi wa kwanza wa malipo. Kwa hiyo mwenye FSJ mwaka mmoja na Ausbildung ya uuguzi miaka mitatu ana miezi 48 kwenye pensheni hata kabla hajapokea mshahara wake wa kwanza kama muuguzi kamili.

Halafu kuna Minijob, kazi ndogo ya malipo ya chini. Ukianza, mwajiri anaweza kukupa fomu ya kuomba kuondolewa kwenye mchango wa pensheni. Kwa malipo ya euro 500 unaokoa euro 18 kwa mwezi, maana sehemu yako ni asilimia 3.6. Ukisaini, miezi yote ya kazi hiyo haihesabiki. Usisaini. Euro 18 ni nauli ya siku chache tu, na mwezi mmoja uliopungua unaweza kukusogeza mbele mwezi mzima wa kusubiri.

Kila mwaka omba taarifa yako ya michango, Versicherungsverlauf, kutoka Deutsche Rentenversicherung, mfuko wa pensheni wa Ujerumani. Ni bure, inaombwa mtandaoni, na hufika kwa posta. Isome mstari kwa mstari. Ukikuta pengo katika miezi uliyofanya kazi, tafuta hati za mshahara za miezi hiyo na uombe isahihishwe mapema, kabla mwajiri hajafunga biashara au kuhama mji. Nyumbani tunalijua tatizo hili vizuri: mtu anakatwa mchango wa mfuko wa jamii miaka mingi, siku ya kudai anaambiwa mwajiri hakupeleka. Tofauti ni kwamba huku unaweza kuligundua ukiwa bado una nguvu ya kulishughulikia, mradi uangalie. Na miezi hiyo 60 ndiyo hiyo hiyo inayokupa haki ya pensheni ya uzeeni ya Ujerumani, hata siku utakapoamua kurudi.

Si lazima kila mtu angoje miaka mitano. Tangu Novemba 2023, kifungu cha 18c kinampa mwenye kibali cha mtaalamu ukaazi wa kudumu baada ya miaka 3 na michango ya miezi 36. Aliyehitimu chuo au Ausbildung hapa hapa Ujerumani anahitaji miaka 2 tu ya kibali cha mtaalamu na michango ya miezi 24. Mwenye Blaue Karte, kibali cha wasomi wenye mshahara mzuri, anaweza kuomba baada ya miezi 27 akiwa na Kijerumani cha A1, kile cha mwanzo kabisa, au miezi 21 akiwa na B1. Mume au mke wa Mjerumani, miaka 3. Wauguzi wetu wengi hawajui kwamba kifungu cha 18c ni chao, wanahesabu mpaka mitano kwa sababu rafiki yao wa mwaka 2015 alihesabu mitano.

Na wanandoa wasikate tamaa mapema. Kwa njia ya kifungu cha 9, mkiishi pamoja, inatosha mmoja wenu kuwa na michango ya miezi 60. Mama aliyekaa nyumbani kulea watoto hajafungiwa mlango, ila B1 yake ataitafuta mwenyewe.

Mtihani wa Leben in Deutschland, unaothibitisha ule ufahamu wa sheria na maisha ya nchi, si wa kutisha. Maswali 33 kwa dakika 60: 30 ya nchi nzima na 3 ya jimbo unaloishi, yote yakitoka katika orodha ya wazi ya maswali 310. Majibu 15 sahihi yanatosha kwa ukaazi wa kudumu, lakini lenga 17, maana ndiyo alama inayotakiwa kwa uraia na cheti ni kile kile. Ada ni euro 25. Fanya mapema, cheti huchukua wiki kadhaa kufika.

Kwenye kipato, ofisi inapiga hesabu ya kodi ya nyumba pamoja na joto, bima ya afya, na kiwango cha kujikimu ambacho kwa mtu mmoja ni euro 563 kwa mwezi tangu 2024. Kindergeld, posho ya watoto, na Elterngeld, posho ya wazazi wa mtoto mchanga, hazikudhuru. Fidia ya ukosefu wa kazi inayotokana na michango yako nayo si msaada. Kinachodhuru ni kuishi kwa msaada wa kujikimu wa serikali, ulioanza kuitwa Bürgergeld mwaka 2023. Nyumba hupimwa pia: kawaida mita za mraba 12 kwa kila aliyezidi miaka sita, 10 kwa mdogo zaidi. Familia ya watu wanne iliyojibana kwenye mita 35 ili kutuma pesa nyingi nyumbani inaweza kukwama hapa, na naona uchungu kila ninapolifikiria hilo, kwa sababu kwetu mita 35 zinalea watoto sita na mgeni akalala sebuleni.

Sasa miadi, au Termin kama tunavyoita sote. Hapa sifa ya Ujerumani inapungua. Katika miji mikubwa unaweza kusubiri miezi. Omba kibali kipya au ukaazi wa kudumu kabla kibali ulichonacho hakijaisha, kwa maandishi, na utunze ushahidi wa tarehe uliyotuma. Ukiomba kwa wakati, kibali chako cha zamani kinaendelea kuhesabiwa mpaka uamuzi utoke, na unapewa Fiktionsbescheinigung, karatasi ya muda ya kuthibitisha hilo. Iangalie: iliyotolewa kwa kifungu cha 81 aya ya 4 inakuruhusu kusafiri na kurudi, ya aya ya 3 haikuruhusu kurudi nayo. Watu wamekwama Nairobi kwa kutosoma alama moja kwenye karatasi hiyo. Na ukichelewa ukaomba siku moja baada ya kibali kuisha, ulinzi huo haupo kwa haki tena, unabaki kuomba huruma.

Ukifika, beba mkataba wa kazi, barua mpya ya mwajiri inayosema bado uko kazini, hati za mishahara za miezi ya karibuni, mkataba wa nyumba, uthibitisho wa bima, vyeti viwili vya lugha na mtihani, taarifa ya pensheni, pasipoti. Ofisi nyingi hazitoi kibali cha kudumu mtu akiwa bado kwenye miezi ya majaribio, kwa hiyo usibadilishe kazi miezi michache kabla ya kuomba. Ada ni euro 113. Majina yafanane kila mahali. Sisi wa majina matatu, la kwako, la baba na la babu, tunaumia hapa: cheti kina mawili, pasipoti tatu, benki imechukua la babu kama jina la ukoo. Rekebisha kwenye pasipoti kwanza, mengine yaifuate.

Pamoja na usumbufu wote, nasema wazi: mfumo huu una heshima moja ambayo nyumbani tunaikosa. Masharti yameandikwa, na ofisa asiyekupenda hawezi kuongeza la kwake. Akikataa ataandika sababu, na ofisi ikikaa kimya zaidi ya miezi mitatu bila sababu ya kutosha unaweza kwenda mahakama ya utawala. Tukumbuke pia mgeni wa kwetu. Kenya, kwa sheria ya 2011, mwenye kibali cha kazi huomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 7 ya vibali, mitatu ya mwisho akiwa nchini mfululizo. Tanzania kibali hutolewa kwa muda maalumu kisha kinahuishwa. Mgeni anayeishi Arusha kwa kuhuisha kibali ana hofu ile ile tuliyo nayo Stuttgart.

Kwa Mkenya, ukaazi wa kudumu ni kituo cha njiani. Katiba ya 2010 inamruhusu uraia wa nchi mbili, na Ujerumani nayo imeuruhusu tangu Juni 2024 kwa aliyekaa miaka 5. Kwa Mtanzania hadithi ni nyingine. Akichukua uraia wa Ujerumani anapoteza wa kwao, na asiye raia hamiliki ardhi Tanzania kama raia anavyoimiliki. Hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania ni hatua niliyoipokea kwa furaha, ila si uraia. Kwa hiyo kwa wengi wetu kibali cha kudumu ndicho mwisho wa safari, na inabidi tujue udhaifu wake.

Udhaifu huo ni miezi 6. Ukitoka Ujerumani ukakaa nje zaidi ya hapo, kibali kinakufa chenyewe, bila barua. Aina nyingine ya ukaazi wa kudumu, ile ya Umoja wa Ulaya iitwayo Daueraufenthalt-EU, huvumilia miezi 12 nje ya Umoja wa Ulaya, na kwa mwenye wazazi wazee au nyumba anayojenga Tanga naona hiyo ndiyo ya kuomba, maana masharti yake yanakaribiana sana na ya kifungu cha 9. Mwenye Niederlassungserlaubnis anayehitaji kukaa zaidi, mathalani kumuuguza mzazi, aiombe ofisi muda mrefu zaidi kwa maandishi, aeleze sababu na aambatishe barua ya hospitali. Ombi hilo litumwe kabla ya kupanda ndege. Mama akizidiwa ghafla na ukaondoka usiku huo huo, litume ukiwa Tanga, lakini liwafikie kabla mwezi wa sita haujatimia.