Dawati sawa, je kumbukumbu?

Mwandishi umesifia madawati ya jinsia na watoto polisi, na mimi nayasifia. Mama mwenye jicho limevimba hapaswi kusimulia ya chumbani kwake pale kaunta huku aliyeibiwa simu anasikiliza. Lakini hujagusa RB, yaani kumbukumbu ya lalamiko inayoandikwa kituoni na kupewa namba. Akishapewa namba na PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, halafu wazee wakaja na "tuyamalize kifamilia", yale maandishi yanakwenda wapi?

Waingereza hili liliwatokea puani. Mwaka 2002 kule Soham, Ian Huntley, mhudumu wa shule, aliua wasichana wawili wa miaka 10. Kumbe miaka ya 1990 alishalalamikiwa kwa polisi wa Humberside mara kadhaa, kwa mahusiano na wasichana wadogo na hata ubakaji. Kila lalamiko lilishughulikiwa kivyake na hakutiwa hatiani, hivyo alipoomba kazi ya shule ukaguzi wa rekodi zake za polisi haukuonyesha kitu. Ripoti ya Bichard, iliyochunguza kosa hilo, ilitoka 2004, hifadhidata ya kitaifa ya taarifa za polisi ikaanza 2011. Miaka saba, na hao wana hela!

Najua mtaniambia RB nyingine ni za fitina, jirani kagombania mpaka wa shamba anakusingizia. Kweli. Ndiyo maana taarifa isiyothibitishwa iandikwe hivyo, na kila anayeifungua jina lake libaki kwenye mfumo wa kumbukumbu. Ila aliyefutiwa shauri Newala akienda kuomba ulinzi wa bweni Kibaha, mkuu wa shule atamuuliza nani?