Kabla ya kuzika hewa ukaa, pimeni maji

Sisi watu wa Goma, mashariki mwa Kongo, hatukuhitaji kusomea jiolojia ili tujue kwamba hewa ukaa iliyo chini ya ardhi hutafuta njia ya kutoka. Mazuku, yaani mabonde na mashimo yanayojaa gesi hiyo, yametufundisha tangu utoto. Upande wa Himbi, Bulengo na kuelekea Sake, gesi hiyo hupanda kwenye nyufa za mawe ya volkano, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hujilaza mabondeni, hasa usiku na alfajiri kusipokuwa na upepo. Haionekani wala haina harufu. Asubuhi unakuta mijusi na ndege wamekufa shimoni. Ukishusha kijinga cha moto, kinazimika kabla hakijagusa chini, na hapo kila mzazi anajua watoto na mbuzi wasipite.

Ndiyo maana nafuatilia kwa karibu habari hizi za kukamata hewa ukaa ya viwandani na kuizika ardhini. Sizipingi. Tabianchi imeharibika, na sisi tunaona mvua zinavyotuangamiza. Norwei wamekuwa wakiizika chini ya Bahari ya Kaskazini, pale Sleipner, tangu 1996, karibu tani milioni moja kwa mwaka, na mwamba wa juu umeishikilia. Lakini pale hakuna anayechota maji ya kunywa. Nchi kavu mambo ni mengine: kati ya gesi na miguu ya watu kuna maji yao.

Gesi husukumwa chini zaidi ya mita 800, ambako mgandamizo huifanya iwe nzito karibu kama kimiminika. Huko chini mara nyingi kuna maji ya chumvi. Hatari ya kwanza ni gesi yenyewe kupenya juu. Ya pili husahaulika: msukumo unaweza kuyapandisha yale maji ya chumvi hadi kwenye maji baridi, hata kama gesi haijafika. Na gesi ikifika, maji yanageuka kuwa na asidi, kama ilivyo kwenye soda, na asidi hiyo inaanza kulegeza madini yaliyokuwa yametulia ndani ya mawe: chuma, manganizi, na penye mawe ya aina fulani, aseniki na risasi. Chuma utakiona. Unachota maji yakiwa meupe, jioni bidoni ina utando mwekundu na nguo zimeshika madoa. Aseniki huioni na huionji. Hiyo ndiyo inayonitia hofu, kwa sababu mama anayechota hana namna ya kuitambua bila maabara.

Njia rahisi ya kupandia ni visima, hata vile vilivyochimbwa ili kuichunguza gesi hiyo. Decatur, jimbo la Illinois nchini Marekani, walianza kuzika gesi 2011. Mwaka 2024 ikajulikana kwamba majimaji yamepenya kupitia kisima cha uchunguzi, ambacho chuma chake kilikuwa kimeliwa, hadi tabaka lisiloruhusiwa. Maji ya kunywa hayakuguswa, ila kazi ilisimamishwa, na 2025 jimbo likapiga marufuku kuzika gesi kwenye eneo la hifadhi ya maji ya chini ya ardhi inayoitwa Mahomet. Wale wana wakaguzi, maabara na mahakama. Bado ilitokea.

Sasa kuna hoja kwamba sisi tuna bahati, kwa sababu mawe yetu ni ya volkano, na Iceland wameweza kuigeuza hewa ukaa kuwa jiwe. Ni kweli, na ni kazi ya kupendeza: pale Hellisheidi sehemu kubwa kabisa ya gesi ya majaribio iligeuka jiwe chini ya miaka miwili. Lakini wao huiyeyusha kwanza kwenye maji, kiasi cha tani 25 za maji kwa kila tani ya gesi. Hapa Goma mvua inamezwa na lava, mji hauna mito, tunategemea ziwa Kivu, na bado kuna mitaa inayoletewa maji kwa bidoni juu ya chukudu, zile skuta kubwa za mbao. Halafu mlima wetu haujalala. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava iliharibu mitambo ya maji na ardhi ikapasuka mjini, mbele ya macho yetu. Ardhi inayopasuka hivyo haifai kuwa ghala. Na ghala tunalo tayari bila kuliomba: vilindi vya Kivu vimebeba takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa, na kule Nyos, Kamerun, ziwa dogo kuliko hili liliitoa gesi hiyo ghafla na kuua watu zaidi ya 1,700 mwaka 1986.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Penye mwamba uliofunga vizuri, izikwe. Lakini maji yapimwe kabla, masika na kiangazi, kisima kwa kisima, maana bila kipimo cha mwanzo hakuna mwanakijiji atakayeweza kuthibitisha kwamba maji yake yameharibika baadaye. Sheria ya Ulaya ya 2009 inambana mwendeshaji abaki na dhamana kwa kawaida miaka 20 baada ya kufunga, kabla serikali haijaipokea. Kwetu isipungue hapo hata siku moja.

Anayekuja na mkataba wa kuzika hewa ukaa Kivu au Katanga aje na vipimo vya chuma, manganizi na aseniki vya maji ya pale pale, vilivyochukuliwa kabla mtambo haujafika, na vibandikwe kwenye bomba la mtaa, kwa Kiswahili.