Povu Kichwani

Mtu akikuambia Dar hakuna baridi, muulize anaoga saa ngapi. Mimi naoga saa kumi alfajiri na ushee, maana nisipofika kituoni Segerea kabla watu hawajajaa, daladala naiona mgongo tu. Na mwezi wa saba, kipupwe kikishakolea, maji ya saa hiyo hayana utani. Kata ya kwanza unaita mama, ya pili unaita mabibi na mababu kwa majina yao.

Na sisi maji ya moto tunayo, tena bure. Simtanki letu jeusi la lita 1,000 limekaa juu ya mnara, linapigwa jua tangu asubuhi, na ikifika saa nane mchana bomba la baridi linatoa maji ya kunyonyolea kuku. Unanawa mikono huku unaruka. Lakini saa nane mchana, Dar es Salaam hii, nani kayaomba? Saa hiyo mwili unataka barafu. Basi yanapoa polepole usiku kucha, yakinisubiri mimi.

Ndiyo nikanunua hita. Lita 50, wati 1,500. Kutoka Kariakoo nilikaa nyuma ya bajaji nimeikumbatia kama bibi harusi. Fundi aliyeifunga simtaji jina. Ni mtu ninayemheshimu, ana familia yake, na yaliyopita si ndwele.

Sasa sikia kituko. Ukifungua koki ya moto, kwanza yanakuja ya baridi yaliyolala kwenye bomba. Hayo sawa. Halafu linakuja vuguvugu. Vuguvugu tamu, la kukupa moyo. Unajipaka sabuni, unasugua kichwa mpaka nyuma ya masikio, unaanza hata kuimba. Hapo ndipo yanapokugeuka. Dakika mbili, nimehesabu. Unabaki na povu kichwani, jicho moja umelifumba, mkono unazungusha koki huku na huku kama mzee anayetafuta stesheni kwenye redio ya mkulima.

"Baba Neema, si uchemshe tu kwenye sufuria?" anasema mke wangu kutoka nje ya mlango. Huyu mwanamke hajui kwamba ofisi nzima nimeshawaambia kwangu kuna hita.

Na hayo ya dakika mbili si ya bure. Kutoa lita 50 kwenye nyuzi 27 kuzifikisha 60 kunakula karibu uniti 2 za umeme, hita ikikaa imewashwa saa nzima na robo. Kwa sisi tunaolipa zaidi ya shilingi 350 kwa uniti, hiyo ni mia saba imeingia kwenye tanki. Mwanzo wa mwezi ndiyo usiseme. Unanunua umeme wa elfu mbili, kodi ya jengo inakata 1,500 yake kwanza, kinachobaki hakifikishi hata uniti 2. Hapo unaoga upande mmoja, mwingine unaupa pole.

Fundi wa kwanza alikuja na bodaboda, tesita imechomekwa nyuma ya sikio. Hakugusa kitu. Aliitazama hita, akasonya, akasema, "Bosi, koili hii." Fundi akisonya ujue bei imepanda. Koili elfu 35, mkono wake elfu 20. Akafungua, akaweka mpya. Kwa bahati mbaya siku hiyo ilikuwa ya mgao wa maji, simtanki limekauka mpaka unasikia mwangwi. Yeye akawasha ili tuone kama taa nyekundu inawaka. Ikawaka. Tukagongeana mikono. Ndani ya tanki hamna hata tone! Na koili ya hita imeumbwa kukaa majini. Ukiiwasha kavu inajiunguza yenyewe. Tukasikia "pu!" kama bisi, nyumba nzima giza. Fundi akanitazama, mimi nikamtazama. Akasonya tena.

"Bosi, koili hii."

Wa pili alisema ni chumvi. Huyu sikumlaumu, maana tukikosa ya bomba tunajaza ya kisima cha jirani, na chai yake ukiionja unaona meli. Alizima swichi, akafungua chini, akachokoa magamba meupe, ukoko ule ule unaokaa ndani ya birika, nusu kopo. Akaniambia huo ukoko ukiifunika koili, moto haufiki vizuri kwenye maji. Nikaelewa, nikalipa, nikaoga kwa matumaini makubwa. Dakika mbili na nusu.

Mambo yangebaki siri ya nyumbani kama mama mkwe asingekuja. Anatoka Njombe, sehemu ambayo mwezi kama huu mtu anaoga maji yaliyochemshwa kwa kuni, na anaoga mchana. Nikamwambia mwenyewe, kifua mbele, "Mama, hapa usihangaike, unafungua tu." Akaingia alfajiri. Kimya. Nikasikia anaanza pambio. Nikajua kafika kwenye vuguvugu, nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Kabla sijamaliza hesabu, pambio likakatika, likafuata "Yesu wangu!" moja lililoamsha mbwa wa mtaa.

Alitoka amejifunga kanga, povu bado liko kwenye nyusi. Hakugomba. Angegomba ningepona. Alisema taratibu, "Baba, kwetu umande unaganda kwenye majani, lakini mtu hatumtegi namna hii."

Tangu siku hiyo anaoga saa nane mchana, maji ya simtanki, anatoka anafuka mvuke na kunipa pole.

Fundi wa tatu alitafutwa na mke wangu. Mzee wa makamo, kofia ya kiua, mfuko wa rambo wenye spana mbili na tepu nyeupe, basi. Hakusonya. Akauliza swali moja tu, "Yanatoka baridi tangu mwanzo, au yanaanza na uvuguvugu?"

"Yanaanza na uvuguvugu, mzee wangu."

"Basi koili haina kosa. Moto upo, njia ndiyo mbovu."

Nikakumbuka elfu 70 za koili mbili, nikameza mate. Mzee akawasha, akaomba chai, akasubiri mpaka taa ikazima yenyewe. Akafungua koki ya bafuni kidogo, akaniita chini ya hita. Pale kuna midomo miwili, mmoja una pete ya bluu, mwingine pete nyekundu. "Shika." Nikashika mpira wa kwenye nyekundu: baridi. Nikashika wa bluu: moto.

Akanieleza kama unavyomweleza mtoto. Maji ya moto yanapanda juu ya tanki. Bomba la nyekundu ni refu kwa ndani, linafika juu kuyachota. La bluu ni fupi, kazi yake kuingiza ya baridi kule chini, yayasukume yale ya moto bila kuyavuruga. "Hapa pamegeuzwa. Ya baridi yanapandishwa mpaka juu yakamwagwe kwenye ya moto, na wewe unanyonya ya chini. Ni kama kuchota supu huku mwenzako anamimina maji kwenye sufuria hiyo hiyo." Hata ile valvu ya usalama, iliyochorewa mshale kabisa, ilikuwa imekaa upande usio wake.

Mzee akavua kofia, akajikuna. "Aliyefunga hii ni fundi wa wapi? Maana huyu asiachwe akaendelea."

Nikajifanya natafuta bisibisi. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko, akasimama mlangoni. Mama mkwe akasogeza kiti. Nikaanza, "Unajua mzee, mafundi wa siku hizi..."

"Ni baba!" akasema Neema, ana miaka saba, Mungu amkuze. "Alisema mafundi wote wezi, akafunga mwenyewe anaangalia kwenye simu!"

Elfu 30. Ndiyo niliyokuwa nimeokoa siku ile.

Mzee alizima swichi, akafunga maji, akabadilishanisha ile mipira miwili, akazungushia tepu, akarudisha valvu mahali pake. Dakika ishirini. Nilipomuuliza bei, alimtazama mama mkwe kwanza, wakacheka wawili wao, akasema nimpe elfu kumi tu, mengine nimeshalipa.

Kesho yake saa kumi na ushee nikaingia. Nikafungua koki ya moto yote, kama nilivyozoea, nikasimama chini yake kwa mbwembwe. Yalinipata mgongoni, nikapiga ukelele, ndoo ikaruka, sabuni ikaenda chooni.

Chumba cha wageni taa ikawaka. Nikasikia sauti ya mama mkwe, taratibu vile vile.

"Fundi, kuna nini tena?"