Ramani Haikumjua Baba Mkwe

Mniache kwanza nimeze kahawa. Mnaniuliza habari za Dar mkidhani nilikwenda kutembea. Nilikwenda kwa mkwe. Tena mkwe anayekaa ghorofa ya saba, Sinza, katika nyumba ambayo ukifungua mlango wa friji inabidi mwenzako atoke jikoni.

Kilichonipeleka ni Ziwa Tanganyika kufungwa. Mnakumbuka mwaka 2024, Mei 15 hadi Agosti 15, hakuna kuvua, samaki wazaliane. Sawa, samaki wakazaliana. Mimi muuza dagaa nikabaki Kibirizi, Kigoma, natazamana na chanja tupu. Mke wangu, Mama Zuhura, akaona hii sasa itakuwa ugonjwa. Akanifungia kiroba cha dagaa waliokuwa wamebaki, dumu la mawese na unga wa muhogo, akasema nenda kamwone mwanao. Nikapanda basi.

Zamani mtu akikwambia ghorofa za Dar, unaelewa anasema mjini: Posta, Upanga, Kariakoo. Ukishapita Magomeni unaanza kuona bati na miembe, mtu kakaa kibarazani anachambua mchele. Sasa hivi, jamani! Morocco ghorofa. Makumbusho ghorofa. Mikocheni ghorofa. Hata huko Goba, ambako watu walikuwa wakienda kutafuta kiwanja cha bei nafuu na kurudi na vumbi mpaka kwenye kope, watu wanamwaga zege. Na nyingi hazina mwisho. Juu kabisa wameacha nondo zimechomoza, eti hela ikipatikana waongeze moja. Mwenye nyumba analala na matumaini, mpangaji wa chini yake analala na mashaka.

Mimi nilidhani ni maringo tu. Kumbe ni ardhi. Sensa ya 2022 iliwakuta watu milioni 5.38 mkoa ule peke yake, na wote wanataka kukaa mahali ambapo asubuhi hawatalala kwenye foleni. Kiwanja hakiongezeki, basi wanaongeza juu.

Aliyenielewesha ni mzee mmoja aliyekuwa akishinda getini na mlinzi. Nikadhani na yeye mlinzi. Kumbe kiwanja kilikuwa chake! Alikipata miaka ya 1970, ule mradi wa viwanja vilivyopimwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia: Sinza, Kijitonyama, Mikocheni. Serikali inachora barabara, inapitisha bomba, wewe mwananchi wa kipato cha kawaida unajenga nyumba yako ya chini, vyumba vichache, mwembe uani. Yule mzee akajenga, akalea, akaozesha. Juzi hapa watoto wakamwambia, baba, kuna mwekezaji, tuingie ubia. Mwekezaji anabomoa nyumba ya zamani, anapandisha ghorofa, mzee anapewa nyumba mbili humo humo. Moja wamepangisha. Nyingine, ya ghorofa ya nne, ndiyo yake. Nikamwuliza, mbona hukai kwako? Akanijibu, "Bwana, nikikaa kule nani ataniamkia?" Ndiyo maana yuko getini tangu asubuhi. Ana nyumba mbili, hana baraza. Salamu zote anazipata kwa kuwafungulia watu magari geti, na wapangaji wapya wanampa mia tano.

Sasa fikiria. Mtaa uliochorwa kwa nyumba za chini za familia moja moja, kila kiwanja leo kina familia ishirini zimebebana. Bomba ni la mtaa uleule. Barabara ni ileile. Gari la kunyonya maji taka linapishana na gari la harusi, na harusi ndiyo inayorudi nyuma. Majengo yamesogeleana mpaka binti yangu anamwomba jirani wa jengo la pili chumvi kwa dirishani, na anaipokea. Huo ndio ujirani pekee niliouona kule, na wenyewe unatokana na kosa la vipimo.

Haya, tuje kwenye mkwe.

Mnajua heshima ya mkwe ilivyo. Kwetu huku mkwe ukimwona kwa mbali unakohoa, na yeye anatafuta njia nyingine. Hamli sahani moja, hamtaniani, na mkilazimika kukaa pamoja kila mtu anatazama mlango. Nyumba inawasaidia: kuna uani, kuna mbele, kuna chumba cha nje. Mgeni mzito analazwa chumba cha nje, anaamka kwa wakati wake, anakwenda kunawa bila kukutana na mtu. Sasa yule aliyechora ramani ya ile nyumba ya Sinza sijui alizaliwa na nani. Vyumba viwili, sebule, jiko, choo kimoja. Chumba changu na chao vinatenganishwa na ukuta wa jipsam. Ukuta! Ukiegemea unapiga hodi.

Usiku wa kwanza nikamsikia mkwe anamwuliza mwanangu, kwa sauti ya chini kabisa ambayo niliisikia yote, kama mzee anaoga mara moja au mara mbili, maana maji ni ya boza. Nikakohoa. Kukawa kimya. Tangu hapo kila nikitaka kujigeuza kitandani nakohoa kwanza, ili wajue shahidi yupo. Asubuhi mwanangu akaniletea dawa ya kifua.

Na alfajiri ndiyo usiseme. Natoka na mswaki, mkwe anatoka chooni na taulo. Ukumbi upana wake mtu mmoja na nusu. Tukasimama. Akanisalimia "Shikamoo baba" akiwa amegeukia ukuta, nami nikaitikia nikiwa nimegeukia ukuta wa pili, taulo kalishika kwa mikono miwili. Akarudi chooni akajifungia. Mimi nikarudi chumbani nikajifungia. Sasa kila mmoja anamsubiri mwenzake apite. Mimi nina shida yangu ya uzee, siwezi kusubiri. Yeye ana kazi, siwezi kumgongea. Kijana wa watu alichelewa ofisini kwa ajili ya adabu. Ningekuwa mimi bosi wake ningempandisha cheo.

Mnacheka. Lakini ni nyumba ya pesa nyingi ile! Kuna sakafu inayong'aa mpaka unaona aibu kuikanyaga, kuna kamera, kuna kengele. Nafasi ya kupitisha heshima ndiyo waliyoibana.

Lifti? Lifti ipo, na ina kioo, unapanda unajitazama unavyozeeka. Umeme ukikatika inakuwa kabati. Jenereta linawasha taa za ngazi tu, kwa sababu waliolipa ada ya huduma wamegoma kuwachangia mafuta wasiolipa. Na umeme ukikatika na maji yamekwenda. Fundi bomba alinieleza: kila mita 10 za kupanda, maji yanadai nguvu zaidi, bar moja kwa kipimo chao, na bomba la mtaa nguvu hiyo halina. Kwa hiyo maji yanaingia tenki la chini, pampu inayasukuma mpaka tenki la juu, halafu ndiyo yanarudi kwako. Yaani maji yanakupita, yanakwenda kuona mandhari, ndipo yanateremka. Pampu ikilala, ndoo inapanda kwa mguu. Mimi nilipanda na ndoo mpaka ghorofa ya tano nikakaa chini nikanywa yale maji, maana yalikuwa hayana tena sababu ya kufika.

Ingawa na sisi tusiwacheke sana. Tunakaa kando ya ziwa lenye takriban asilimia 17 ya maji baridi yote ya juu ya ardhi duniani yasiyoganda barafu, na kuna watu hapa Mwanga wananunua dumu. Nimelisema hilo, naliacha hapo.

Mkwe siku moja akaona nimepooza, akanipeleka mjini kunionyesha yale marefu yenyewe. Lile jengo la Mamlaka ya Bandari, lina mita 157 hivi. Akanisimamisha chini niangalie mpaka kofia ikaanguka. "Umeona baba?" Nikamwambia nimeona. Moyoni nikawa napiga hesabu zangu. Tanganyika pale penye kina ni mita 1,470. Chukua majengo tisa ya namna ile, simamisha moja juu ya jingine, zamisha. La tisa hulioni hata antena. Na sisi tunapita juu yake na mtumbwi, tumekaa, tunakula muhogo, wala hatujaweka kamera. Sikumwambia, ni mkwe.

Swali langu kubwa nilimwuliza mlinzi wa jengo. Nilikuwa nimeiangalia ile lifti kwa macho ya mtu mzima, nikaona jeneza haliingii. Labda lisimamishwe, na maiti hasimamishwi. Nikamwuliza, kijana, mtu akifariki ghorofa ya saba anateremkaje? Akafungua kitabu chake cha wageni, akafunua, akafunua. Akaniambia, "Mzee, humu hakuna utaratibu wa kufa." Nikamwuliza, na turubai? Akasema maegesho ya magari, lakini unaandika barua kwa kamati, na saa kumi na mbili jioni magari yanarudi, kwa hiyo waombolezaji wawe wameshaondoka. Kupika je? Hairuhusiwi moto wa kuni. Kulala matanga? Wageni wasiozidi wanne kwa nyumba. Wanne! Kwetu wanne ni wale wanaokuja kuuliza msiba ni wa nani.

Nilikaa kule nikiwa mzima kwa bidii. Hata kwenye ngazi nilishika ukingo.

Na hapa niseme bila mzaha kidogo. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo lililokuwa likijengwa katikati ya Dar lilianguka likaua watu zaidi ya thelathini. Novemba 16, 2024, mimi nikiwa nimesharudi, likaanguka jingine Kariakoo, na wengine wakafa. Nilimpigia mwanangu simu usiku uleule kumwuliza kama nguzo zao ni nzima. Akaniambia, baba, nitajuaje, zimepigwa rangi.

Dagaa nao walinitia aibu. Au niseme niliwatia wao. Mwanangu aliwakaanga jioni moja, na vitunguu, na mawese, dirisha wazi. Simu yake ikaanza kulia. Wana kundi la WhatsApp la jengo. Mtu kaandika, "Habari za jioni majirani wapendwa, kuna harufu isiyo ya kawaida upande wa ngazi, tuzingatie ustaarabu." Wakafuata wengine na vidole gumba. Mmoja akashauri waitwe watu wa gesi. Mwanangu akafunga dirisha, tukala tunatokwa jasho, mkwe chumbani kwake na sahani yake, mimi sebuleni na yangu. Kesho yake niko kwenye lifti na baba mmoja wa tai, mkoba, manukato. Mlango ulipofunga akasogea, akatazama juu kwenye kamera, akaninong'oneza kwa Kiha, "Mwakeye, mzee." Halafu: "Sado moja unafanyaje?" Nikamwuzia. Ndiye aliyeandika ustaarabu, nililiona jina lake mlangoni.

Sasa nimerudi nyumbani nikidhani nimeyaacha huko. Juzi kaja dalali hapa Mwanga, kijana wa viatu vyenye ncha. Ananionyesha picha kwenye simu: ghorofa tupu, kioo mtindo mmoja, ziwa linaonekana nyuma, jua linazama upande ambao kwa kweli halizami. Anataka niuze kiwanja cha Gungu, halafu kwa hela hiyo ninunue nyumba ghorofa ya tano. Nikamwuliza, hiyo nyumba ya hewani, bikoni zake ziko wapi? Akasema hakuna shida, sheria ipo tangu 2008, unapewa hati ya sehemu yako. Sawa. Dagaa nitaanika wapi? Akasema kuna jimu. Sijamwelewa, nikaendelea. Mkwe akija na mimi nipo, tutapishana wapi? Akasema mzee, kuna jimu ya kisasa, ya mazoezi. Wazee wenzangu wakija asubuhi watakaa wapi wanisalimie? Jimu ina viti.

Nikaiuliza hiyo jimu ina ukubwa gani. Akafurahi, akajua sasa nimeingia. Akasema kubwa mzee, chini kabisa, hakuna ngazi, watu hamsini wanaingia bila kugusana, na feni juu.

Basi vizuri, nikamwambia, mwenye ramani aongeze mlango mpana na tundu la moshi. Turubai tutafunga humo.