Ukitaka Simba, Nenda Serengeti

Wiki hii kwenye grupu letu la WhatsApp mtu kaandika kwamba kwenda hifadhi ya Saadani ni kuchoma mafuta bure, "simba hata wa dawa hakuna". Wenzake wakamdakia: bora tungebaki Kigamboni tule kuku. Nimejizuia kujibu kule nisije nikatolewa kwenye grupu, acha nijibu hapa.

Simba wapo. Ila nyasi ni ndefu, vichaka vimeshonana, na simba hana mkataba na mtu wa kukaa barabarani apigwe picha. Tatizo ni sisi tuliokaririshwa kwamba hifadhi ni Serengeti na Ngorongoro, nyingine zote makombo. Saadani ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ipo jirani na Bagamoyo, na mpaka leo mtu wa Dar anaiulizia kama anaulizia mwezini!

Panda boti mdomoni mwa Mto Wami maji yakiwa yanapwa. Mizizi ya mikoko inabaki uchi, tope limetobolewa na kaa, mdiria kakaa kwenye tawi anapiga hesabu zake. Viboko wanaonyesha masikio na pua tu, mara mmoja anapuliza maji, na huko nyuma yao tanga la ngalawa linakatiza kuelekea baharini. Kiboko na ngalawa kwa jicho moja. Serengeti watakupa hiyo? Upate wapi! Nahodha wetu alizima mashine ili tusikie mto. Boti ya pili wakawasha singeli. Singeli naipenda na kuicheza naicheza, lakini jamani, mamba aliyejianika kakukosea nini?

Na ufukwe wa Madete, humo humo hifadhini? Kasa jike anapanda ufukweni usiku, anachimba shimo kwa mapezi, anataga mayai mia hivi, anafukia, anarudi zake baharini. Watoto hutoka baada ya kama miezi miwili, wakifuata weupe wa upeo wa bahari. Ukiwasha tochi ya simu ili upate "kastori", wanapotea njia, na asubuhi wanakuwa chakula cha kaa na kunguru. Hili sitanii. Zimeni taa.

Haya, nanyi mna hoja zenu. Masika njia ni balaa, ule udongo mweusi unameza gari. Hoteli za ufukweni nyingine bei yake unaweza kudhani unanunua kitanda. Na mbung'o wanauma, tena wanapenya mpaka kwenye jinzi.

Lakini huyo mbung'o msimtukane sana. Pale Mkwaja, ndani ya hifadhi ya leo, palikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe tangu miaka ya 1950, ya kuwalisha nyama wafanyakazi wa mashamba ya mkonge. Walinyunyiza dawa, wakafyeka vichaka, wakadunga ng'ombe sindano za dawa, lakini nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, ikawasumbua miaka yote, na 2000 wakafunga. Leo pale walipokuwa wakilala ng'ombe, wanaokula majani ni wanyamapori: tohe, kuro na kongoni. Mdudu alilinda pori kabla ya askari yeyote wa hifadhi.

Mimi naenda tena Agosti, njia ikiwa imekauka. Gari lina nafasi nne, mafuta tunachangia. Nguo za bluu na nyeusi acheni nyumbani, mbung'o wanazipenda kuliko mnavyozipenda nyie.