Sheria Iliyobisha Hodi, na Sheria Isiyofika Kivinje

Wiki iliyopita nimemsikiliza mkulima wa Kiingereza akiilaani serikali yake kwa sababu ya nguzo za uzio, na mimi nikamwonea wivu.

Nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani huku Northumberland, kaskazini mwa Uingereza. Ni mashamba, kondoo na upepo. Mzee mmoja ninayemhudumia anaishi na mwanawe, ambaye ndiye anayeendesha shamba siku hizi. Kondoo wao wamepata upenyo kwenye kona ya malisho, na yule bwana anataka kusimika nguzo chache za mbao awazuie. Hawezi. Kona ile inapitiwa na handaki la Warumi, lililochimbwa sambamba na Ukuta wa Hadrian, ule ulioanza kujengwa mwaka 122 na kukata nchi kutoka pwani hadi pwani, karibu kilomita 118. Ukisimama pale huoni kitu. Ni kibonde cha majani tu, na kondoo wanalala humo wakikimbia upepo. Lakini kuchimba shimo la nguzo pale bila kibali ni kosa la jinai. Basi ameomba kibali, ambacho hakina ada, na anasubiri. Na anavyosubiri, ananung'unika kuanzia chai ya asubuhi.

Nikamuuliza amejuaje eneo linaanzia wapi. Akavuta droo ya jikoni, ile ya mishumaa na risiti, akatoa bahasha. Ndani mna barua na ramani ya shamba lao, na mstari mwekundu umezungushwa pale ambapo hawaruhusiwi kugusa. Barua imeandikwa kwa jina la baba yake. Serikali ilipoamua kwamba kipande kile cha ardhi kina thamani ya nchi nzima, ilimwandikia mwenye ardhi. Kwa jina lake, kwa anwani yake.

Barua ile imenikaa rohoni, kwa sababu nyumba ya bibi yangu Kilwa Kivinje, pwani ya kusini mwa Tanzania, ilikuwa na mlango.

Wa Kivinje wenzangu mnajua milango ninayoisema. Ulikuwa wa mbao mbili, mfaa wa katikati umechongwa maua kutoka juu hadi chini, miimo ina nakshi ya mnyororo, na komeo la mti ambalo sisi watoto tulikatazwa kulichezea. Bati za upande wa baraza zilipooza, akaja mfanyabiashara na pikapu. Alizungumza kwa adabu, akamwita bibi "mama yangu", akala na ubwabwa. Akaacha fedha za bati pamoja na mlango mpya wa mbao laini, akaondoka na ule wa zamani umefunikwa turubai. Bibi alishukuru, akamwombea dua. Masika yalikuwa yanakuja. Nani wa kumlaumu?

Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu 1964. Inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Inalinda pia, na hili wengi wetu hatujaambiwa kamwe, mlango wa nakshi na fremu yake kama vilichongwa kabla ya 1940. Tuliirekebisha mwaka 1979, mwaka huohuo ambao Waingereza walipitisha sheria hii inayomnyima usingizi bwana wangu wa kondoo. Kwa maandishi tuko sawasawa nao. Mlango wa bibi ulikuwa unalindwa na Jamhuri ya Muungano, na hakuna mtu aliyewahi kupanda ngazi za baraza lile kumwambia.

Najua mtakayoyasema. Kila nikigusa jambo la nyumbani naambiwa nimekwenda Ulaya juzi, leo nawafundisha watu kuishi. Wengine wataniambia Wazungu wana utamaduni wa kutunza, sisi hatuna, kwa hiyo ninyamaze. Hao wa pili ndio wanaonikera zaidi, kwa sababu wanadhani wananiunga mkono.

Wazungu hawa hawakuzaliwa wakitunza. Ukuta huu wameula wenyewe kwa karne nyingi. Nyumba za wakulima na mazizi ya huku yamejengwa kwa mawe ya Warumi, na monasteri ya Lanercost vilevile. Baada ya maasi ya 1745 jeshi lao lilijenga barabara, likaubomoa ukuta kwa maili kadhaa na kuyaponda mawe yake yawe kokoto za njia. Naipita barabara hiyo nikienda kazini. Aliyezuia balaa hilo upande huu ni wakili mmoja wa Newcastle, John Clayton, aliyeanza mwaka 1834 kununua mashamba yenye ukuta, moja baada ya jingine, ili wenye mashamba waache kuchukua mawe. Sheria yao ya kwanza ya kulinda mambo ya kale ikaja 1882. Kwa hiyo mtu asiniambie ni damu. Waliharibu, wakaona uchungu, wakatunga sheria, kisha wakahakikisha sheria imemfikia anayekaa na jiwe. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo tuliyoiruka.

Na kuna suala la fedha, tusizunguke. Mkulima wa huku mwenye malikale chini ya udongo anaweza kuingia mkataba na serikali akalipwa ili asipitishe jembe la trekta juu yake. Anageuza kipande kile kuwa malisho, analipwa, maisha yanaendelea. Kwetu tunamtaka maskini atunze urithi wa dunia bure, na akishindwa tunamwita mharibifu. Mnaosema watu wana njaa na mimi naongelea mawe: nimewasikia, na nasema njaa hiyo ndiyo iliyomleta mwenye pikapu. Bibi angepewa bati tu na ofisi yoyote ile, mlango ungekuwa pale hadi leo. Mwenye pikapu alilijua hilo. Ofisi haikulijua, au haikuona kama linaihusu.

Mwingine ataandika kwamba hayo ni majengo ya Waarabu, yatuhusu nini. Ndugu yangu, nenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akauhesabu kati ya miji mizuri aliyoiona, na alikuwa mtu aliyetembea. Msikiti Mkuu ulikuwa umekwishasimama tangu karne ya 11 na ulikuwa ukipanuliwa kwa kuba. Pale Husuni Kubwa, jumba lake la kifalme, sultani alikuwa na birika la kuogea lenye pembe nane, juu ya jabali, linatazama bahari. Jiji lilifua sarafu zake za shaba, na maneno ya upande mmoja yalitiwa vina na maneno ya upande wa pili. Pesa yenye vina! Nani mwingine angefanya hivyo kama si watu wa pwani hii? Moja ya sarafu hizo imekutwa Zimbabwe Kuu. Mawe ni matumbawe ya bahari yetu, chokaa imechomwa kwa miti yetu, boriti ni za mikoko yetu. Wareno walipouteka mji mwaka 1505 waliwateka babu zetu.

Na tukitaka tunaweza, nalisema kwa kifua mbele. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini: bahari inakula kingo, mikoko imekatwa, kuta zinaanguka. Mwaka 2014 yakatolewa hatarini. Fedha nyingi zilitoka nje, ndiyo, lakini mikono ilikuwa ya wanakijiji. Walifunzwa kuziba nyufa kwa chokaa badala ya saruji, na mikoko ikapandwa upya. Jirani wa gofu alipopewa kazi, gofu lilisimama. Sasa kwa nini tusiufanye huo kuwa utaratibu wa kila siku, badala ya kungoja mpaka dunia ituandike kwenye orodha ya aibu?

Halafu Kivinje haimo hata kwenye orodha hiyo. Hakuna anayekuja na kamera kuhesabu kuta zetu zinavyolala. Mwaka 2023 huku walikata mti mmoja usiku, ule waliouita "sycamore", uliokuwa umesimama peke yake kwenye bonde la ukuta, ukaangukia mawe ya Warumi. Nchi nzima ililia. Mwaka 2025 watu wawili wakahukumiwa, kila mmoja miaka minne na miezi mitatu, na kuharibu ukuta lilikuwa shitaka la peke yake. Wenzangu kazini walinieleza huku macho yamewalenga machozi, nami niliwapa pole kwa dhati. Lakini kichwani nilikuwa Mwembe Kinyonga, pale Kivinje, Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyeupinga utawala wao, mwaka 1895. Mti wao ulikuwa mzuri. Wetu ulibeba watu. Ni watoto wangapi wa Dar es Salaam wanalijua jina la Makunganya?

Sitaki mtu afungwe. Kumfunga bibi mwenye mlango kungekuwa dhuluma juu ya dhuluma. Ninachotaka ni kidogo mno hata naona uchungu kukiomba. Mtu wa serikali apite mtaa kwa mtaa Kivinje na daftari, apige picha kila mlango wa nakshi uliobaki, aandike jina la mwenye nyumba. Kisha barua, kwa Kiswahili, kwa jina lake: mlango wako unalindwa, ukitaka kuukarabati piga namba hii, akija mtu na pikapu piga namba hiyohiyo. Na namba ipokelewe. Na kile kiingilio wanacholipa wageni wa meli Kisiwani, mgawo wa kijiji ubandikwe kwenye mbao za matangazo, shilingi kwa shilingi, ili mtu anayeishi kando ya gofu aone faida ya kulilinda.

Mlioko Kivinje, msisubiri barua. Kama nyumbani kwenu bado kuna mlango wa zamani, upigeni picha leo, mbele na nyuma, pamoja na mfaa na miimo. Muulizeni mzee mkubwa wa nyumba ulichongwa lini na nani, andikeni nyuma ya picha, na nakala moja mpelekee afisa utamaduni wa wilaya. Akisema hajui aiweke wapi, mwachieni mezani, na wiki ijayo apelekewe nyingine na jirani.